Maji Yakipungua, Shule Ianzie Wapi?

Novemba 2023, mvua za vuli zilizotiwa nguvu na El Niño ziliifurikisha Pwani ya Kenya kuanzia Kwale hadi Lamu, na nchini kote watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Masika yaliyofuata yakaja na yake. Aprili na Mei 2024 waliokufa nchini walipita 200, shule zilizokuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili zikaahirishwa mara mbili, na wanafunzi wakarudi madarasani tarehe 13 Mei. Katikati ya hayo Kimbunga Hidaya kikasogelea pwani ya Tanzania, nasi huku tukapewa tahadhari.

Mtu wa Mishomoroni, Mtongwe au Chaani ambaye maji yamemwingilia chumbani usiku hangoji kuambiwa akimbilie wapi. Hubeba mtoto, hushika godoro likiwa bado kavu, akaelekea mahali anapopajua: msikitini, kanisani, au shule anayosoma mwanawe. Shule ina paa la mabati lililo imara, ina tangi, ina vyoo, ina lango, na langoni pana askari anayemjua. Kufikia alfajiri mwalimu mkuu anapigiwa simu kuwa shuleni kuna watu. Kuanzia hapo yeye, walimu wake, karani, mpishi na askari wa zamu wamekuwa watoa misaada, wawe wamefunzwa kazi hiyo au la. Makala haya ni yao.

Wa Likoni, Kisauni na Changamwe wana sababu zaidi ya kujipanga. Sisi tunaoishi ng'ambo ya kisiwa tumeunganishwa na mji kwa njia za kuhesabika: feri, Daraja la Nyali, Makupa, na sasa barabara ya Dongo Kundu kwa wa Likoni. Hospitali ya Coast General na ofisi kuu za kaunti ziko kisiwani. Mvua ikizidi, magari hukwama, feri hujaa, na saa za kwanza hubaki mikononi mwa waliopo. Majirani ndio hufika kwanza, na katika majirani hao hakuna taasisi inayojua watu kwa majina kama shule.

Nianzie hapo kwenye majina, kwa sababu naamini ndipo penye msaada mkubwa ambao shule inaweza kutoa, nao haugharimu pesa. Unga, blanketi na mitungi huletwa na wengine. Daftari la mahudhurio ni la shule peke yake. Ndani yake mna kila mtoto, darasa lake, na kwa kawaida nambari ya simu ya mzazi. Chifu ana orodha zake, na wazee wa mtaa wana zao, lakini orodha za misaada zikitengenezwa kwa kupita nyumba kwa nyumba huweza kuandika mwenye nyumba na kuwaacha wapangaji wa vyumba sita vya nyuma. Familia iliyohamia juzi kutoka Kilifi au Tana River, mama asiye na kitambulisho, bibi anayelea wajukuu ambao wazazi wao wako Saudia kazini: hawa ndio hukosekana. Mtoto wao lakini yumo daftarini, hata kama hana cheti cha kuzaliwa.

Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla ya kuhesabu madawati yaliyolowa, walimu wachukue madaftari yao na kuanza kutafuta watoto. Wagawane kwa mitaa badala ya madarasa, kwa kuwa familia moja huwa na watoto katika madarasa matatu na hakuna haja ya mama huyo kupigiwa simu mara tatu. Kila jina litiwe alama moja kati ya tatu: nimemwona au nimesema naye, nimeambiwa yuko salama na mtu fulani, sijui. Tofauti ya alama ya pili na ya tatu ni kubwa, na asije mtu akaziunganisha ili orodha ionekane imekamilika. Majina ya alama ya tatu ndiyo yanayopelekwa kwa chifu na kwa Msalaba Mwekundu siku hiyohiyo. Nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199.

Hakuna mwalimu anayepaswa kuvuka maji kwenda kutafuta mtoto. Maji yanayopita kasi yakifika magotini tu huweza kumwangusha mtu mzima, na barabara iliyofunikwa huficha mtaro uliofunuka, chemba ya maji taka isiyo na mfuniko, au waya wa umeme. Waya ukiwa umeanguka, kaeni mbali na muwapigie Kenya Power kwa 97771. Na wanafunzi wakubwa wasitumwe kupeleleza mitaa, hata wakijitolea kwa moyo safi.

Mtoto akipatikana, andika analala wapi usiku huu, na nani, nambari gani ya simu inapatikana, na kama kuna dawa anazotumia. Hili la dawa hupuuzwa sana. Pwani yetu ina watoto wengi wenye selimundu, na baridi pamoja na kunyeshewa huweza kuamsha maumivu makali ya ugonjwa huo. Kuna wenye kifafa, wenye pumu, wanaotumia dawa za kila siku ambazo mama hataki jirani azijue. Maji hayachagui, dawa zao zimekwenda na mkoba. Mwalimu wa darasa kwa kawaida ndiye mtu pekee nje ya familia anayefahamu, na akimtafuta mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa huo mapema, dawa zinaweza kupatikana kabla ya mtoto kukosa dozi ya pili. Shule za bweni zina mzigo zaidi. Shule ya watoto wasioona iliyoko Likoni na ile ya watoto wenye ulemavu wa viungo iliyoko Port Reitz hupokea wanafunzi kutoka kaunti za mbali, na mzazi aliyeko huko akisikia redioni kwamba Mombasa imefurika hatalala mpaka asikie sauti ya mwanawe.

Orodha kama hii ni amana. Isipigwe picha na kutupwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi, kwa sababu inaonyesha mtoto gani analala wapi bila mzazi, na wapo watu wabaya wanaotafuta habari za namna hiyo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka taarifa za mtoto zitumike kwa idhini ya mzazi au mlezi na kwa manufaa ya mtoto mwenyewe. Nakala mbili zinatosha: moja kwa mwalimu mkuu, nyingine kwa mwalimu mmoja aliyechaguliwa. Chifu, Msalaba Mwekundu na wahudumu wa afya wapewe sehemu inayowahusu. Ugonjwa wa mtoto hauhusu orodha ya magodoro. Vivyo hivyo picha: mfadhili akitaka kupiga picha mtoto aliyelowa akipokea pakiti ya unga, mwalimu ana haki ya kukataa, na afadhali akatae.

Sasa tuje kwenye watu waliolala madarasani.

Shule ya umma ikigeuzwa makao, uamuzi huo uwe na wenyewe. Mwalimu mkuu amjulishe mwenyekiti wa bodi ya shule, chifu na ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, kisha aandike saa, tarehe na idadi ya watu. Haimaanishi wenye shida wasimame langoni wakingoja barua, wafunguliwe kwanza. Lakini karatasi iwepo kabla ya jua kuzama, maana dirisha likivunjika au mtu akiumia, swali la kwanza litakuwa ni nani aliyeruhusu.

Kabla ya familia kuingia chumba chochote, zimeni umeme kwenye swichi kuu ikiwa maji yalifika kwenye soketi, na msiwashe mpaka fundi akague. Angalieni kuta zenye ufa mpya. Angalieni hasa vyoo vya shimo: ardhi ikishiba maji, kuta za shimo hulegea na sakafu huweza kuzama na mtu juu yake. Choo kinachotiliwa shaka kifungwe kwa msumari na ubao, maana kamba mtoto huipita chini.

Chumba kimoja kinatosha watu wangapi? Vipimo vinavyotumiwa na mashirika ya misaada duniani ni mita 3.5 za mraba kwa kila mtu. Darasa la mita 7 kwa 8 lina mita 56, kwa hiyo ni watu 16. Najua usiku wa kwanza watalala 40 na hakuna atakayewatoa. Ila usiku wa pili na wa tatu watu wapunguzwe kwa kufungua chumba kingine au kwa kuwaomba jamaa walio maeneo ya juu wawapokee ndugu zao, kwa sababu kifua kikuu, upele na kuhara hustawi penye msongamano. Choo kimoja kwa watu 50 kinavumilika siku za mwanzo; baadaye lengo liwe 20.

Mpangilio wa vyumba ni kazi ya walimu wa kike na wazee wa mitaa kwa pamoja. Familia ikae na familia yake. Wanawake walio peke yao na watoto wao wapewe chumba kilicho karibu na vyoo, njia ya kwenda chooni iwekwe taa usiku kucha, hata kama ni ya sola ya kutundika, na milango ya vyoo vya wanawake iwe na komeo la ndani. Wasichana wanahitaji taulo za hedhi na mahali pa kufulia pasipo macho ya watu, na si rahisi wamwombe mwalimu wa kiume. Bi mkubwa mmoja anayeheshimika apewe jukumu hilo na lijulikane. Mzee asiyeweza kutembea asilazwe darasa la orofani. Mbuzi na kuku wafungwe nje, upande upepo unakoelekea. Maabara, stoo ya vitabu na ofisi zibaki zimefungwa, na tangu siku ya kwanza ziachwe vyumba viwili au vitatu ambavyo hakuna atakayelala. Kwa nini, nitaeleza mbele.

Askari wa lango ndiye mtu muhimu kuliko wanavyodhani wengi. Yeye huona nani ameingia saa tano usiku, nani amekuja na pikipiki kumchukua msichana, nani si wa mtaa huu kabisa. Apewe daftari, tochi na mwenzake wa zamu. Dhuluma za kingono huongezeka penye makao ya muda, na shule haipaswi kujidanganya kwamba kwake haitatokea. Ikitokea, aliyedhulumiwa asioge wala asibadilishe nguo, afikishwe hospitali haraka, na isipite saa 72, ili apewe dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi. Wa Changamwe wana Port Reitz, wa Likoni wana Mrima. Nambari ya bure ya dhuluma za kijinsia ni 1195, na ya watoto ni 116. Kwa agizo la TSC la 2010, mwalimu mwenye habari ya dhuluma dhidi ya mwanafunzi anatakiwa kuripoti ndani ya saa 24. Mambo haya hayamalizwi kwa kikao cha wazee wala kwa fidia ya mbuzi.

Maji ya kunywa yanahitaji maelezo marefu kidogo, kwani hapa ndipo mafuriko huua polepole baada ya mvua kukatika. Maji ya mfereji ya Mombasa hutoka mbali: Mzima kule Taita Taveta, Baricho kando ya Mto Sabaki, Marere na Tiwi upande wa Kwale. Bomba likikatwa na mafuriko njiani, mfereji wa Bamburi au wa Magongo hukauka huku uani maji yamefika magotini. Watu hurudi visimani. Na visima vyetu, hasa Kisauni, vingi vimechimbwa kiwanja kimoja na choo cha shimo, kwenye mwamba wa matumbawe na mchanga unaopitisha maji upesi. Mafuriko yakipita, choo na kisima huwa vimekutana. Maji yanaweza kuonekana meupe, yasiwe na harufu, na yakabeba kipindupindu.

Kwa hiyo chukulieni kwamba kila kisima kilichofikiwa na mafuriko kimechafuka mpaka idara ya afya ya kaunti ikitie klorini na kukipima. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika moja kamili, au yatiwe dawa. Dawa ya chupa ifuatwe kama ilivyoandikwa kwenye kibandiko, kisha maji yangojwe dakika 30. Ile ya unga ya PUR hufaa zaidi kwa maji yenye tope: pakiti moja kwa lita 10, koroga dakika 5, acha tope litulie chini, chuja kwa kitambaa safi cha pamba, ngoja dakika 20. Hesabuni mapema: mtu mmoja huhitaji kama lita 15 kwa siku za kunywa, kupika na kuoga, kwa hiyo watu 200 ni lita 3,000, na tangi la lita 10,000 litaisha siku ya nne asubuhi. Mwalimu wa hesabu aliweke hilo ubaoni ili kila mtu aone, na boza liagizwe kabla tangi halijaanza kukwaruza. Mitungi ya kunywa iwe na mfuniko na maji yamiminwe, vikombe visichovywe.

Mtu akianza kuharisha maji matupu mfululizo, msingojee kujua ni nini. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Aanze kunywa kidogokidogo huku usafiri ukitafutwa. Chumvi isizidi. Mtoto mchanga aendelee kunyonya. Palipotapikwa au kuharishiwa pamwagiwe Jik iliyochanganywa sehemu moja kwa sehemu sita za maji, kwa ile chupa iliyoandikwa asilimia 3.5, paachwe dakika 10 ndipo pasafishwe. Na Jik isichanganywe na dawa nyingine yoyote ya usafi, kwani hutoa gesi yenye sumu.

Wiki mbili baadaye huja mbu. Mombasa imepata milipuko ya homa ya dengi na ya chikungunya zaidi ya mara moja katika miaka ya karibuni, na mbu wake huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Huzaliana kwenye maji safi yaliyotuama: mapipa, matairi, madebe, mitungi ya maua mbele ya ofisi. Wapangieni vijana waliopo shuleni saa moja kila wiki ya kuyamwaga yote. Mwenye homa kali, maumivu ya viungo na nyuma ya macho apewe paracetamol na apelekwe kupimwa. Asipewe aspirini wala brufeni, maana katika dengi huongeza hatari ya kuvuja damu.

Jikoni nisingependa kumfundisha mpishi wa shule kazi yake. Anajua kupikia watu 500 kuliko mtu yeyote aliyetumwa na shirika. Aongoze yeye. Neno langu ni moja tu: nafaka iliyoguswa na maji ya mafuriko isianikwe na kupikwa, hata ikirudi kuonekana nzuri. Mahindi yakilowa huota kuvu wenye sumu ambayo moto hauiondoi. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Inauma kutupa magunia kumi wakati watu wana njaa, lakini yatupwe, tena yafukiwe ili yasifikie kuku wala mtu wa kuyaokota.

Misaada ya pesa ikianza kuja, isipokelewe kwa nambari ya simu ya mtu mmoja, awe mwaminifu namna gani. Watu watatu kutoka pande tofauti, mwalimu, mzazi na mzee wa mtaa, waandike kila kilichoingia na kilichotoka, na karatasi ibandikwe ukutani kila jioni.

Vile vyumba viwili au vitatu vilivyoachwa wazi ni vya kusomea. Jaribu kubwa la mwalimu baada ya maafa ni kuwa kila kitu: mpokeaji wa mizigo, mgawaji, mpatanishi, dereva. Ataifanya kazi hiyo wiki moja na kuzimika, na watoto watakuwa wamekaa wiki nzima wakitazama wazazi wao wakilia. Watu wengi wanaweza kugawa unga. Wanaojua kukalisha watoto 60 na kuwafanya watulie ni wachache, nao ni walimu. Mapema iwezekanavyo, hata siku ya tatu, masomo yaanze kwa saa mbili au tatu asubuhi, chini ya mwembe ikibidi, madarasa yakichanganywa. Saa ileile kila siku. Mtoto aliyepoteza nyumba anahitaji kujua kitakachotokea kesho saa mbili.

Juma la kwanza silabasi iwekwe kando. Kuimba, kuchora, kusimulia hadithi, mdako na rede kwa wadogo. Msimlazimishe mtoto kueleza alichokiona. Akitaka kusema asikilizwe, akinyamaza aachwe. Anayeanza kukojoa kitandani tena, anayeshtuka mawingu yakitanda, anayegombana na kila mtu, wengi wao hutengemaa baada ya majuma machache wakiwa na ratiba na mtu mzima mtulivu karibu. Asiyelala, asiyekula, au anayezungumzia kufa apelekwe kwa mtaalamu. Mhudumu wa afya ya jamii au mwalimu wa ushauri ajue njia. Na mtoto yeyote asirudishwe nyumbani kwa kukosa sare, viatu au karo msimu huo. Sare imeoza matopeni. Akirudishwa mara mbili, ya tatu hatakuja: atakuwa anauza maji ya chupa feri, au ameolewa.

Watahiniwa wana shida yao mahsusi, kwa kuwa KCSE na mitihani ya kitaifa ya Gredi ya 6 na ya 9 huangukia majira ya vuli. Walimu wao wajue mapema nani hana pa kusomea usiku, na kama taa za shule zipo, darasa moja liachwe wazi kwao chini ya ulinzi. Wazazi waliopoteza vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho au vyeti vya mitihani wataanza na kituo cha polisi, kisha Huduma Centre au ofisi husika. Shule inaweza kuwapunguzia safari kwa barua fupi yenye muhuri, jina kamili la mtoto, nambari yake ya usajili na tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo daftarini. Karani aandae nakala moja ya barua hiyo yenye nafasi za kujaza, badala ya kuandika upya mara 200.

Kuna watu wa shule ambao hakuna anayewaulizia. Mwalimu wa TSC mshahara wake utaingia. Lakini mpishi, askari, mfagizi, walimu walioajiriwa na bodi, na walimu wa zile shule ndogo za kibinafsi zilizojaa Kisauni na Changamwe hulipwa kutokana na kile wazazi wanacholeta. Shule ikifungwa, kipato chao husimama siku hiyohiyo, na wengi wao wanaishi mitaa ileile iliyofurika. Nimeona inavyochukuliwa kuwa jambo la kawaida kwa mama wa jikoni kupikia waathiriwa siku kumi huku nyumba yake mwenyewe ina tope na hakuna aliyemwandika kwenye orodha ya misaada. Aandikwe, tena wa kwanza. Bodi inayoomba msaada wa wafadhili iweke posho ya watu hawa kwenye ombi lenyewe na isione haya. Walimu nao wapeane zamu, mwenye maafa nyumbani kwake apewe siku za kwenda kushughulikia watu wake, na jioni wakae pamoja dakika chache kila mtu aseme alivyoamka na alivyo. Ustadh wa madrasa ya jirani na mchungaji washirikishwe katika zamu hizo. Nao wana watoto walewale.

Makao ya shuleni yawe na siku ya kwisha, itajwe tangu mwanzo na ikumbushwe. Mazungumzo na chifu kuhusu mahali pa kuhamia familia yaanze siku ya pili, kwa sababu yakianza juma la tatu yatakuwa ugomvi kati ya wazazi wanaotaka watoto wasome na majirani wasio na pa kwenda, na pande zote mbili zitakuwa na haki. Wakiondoka, sakafu na madawati vioshwe kwa dawa, vyoo vinyonywe, tangi lisafishwe, na kila kilichoharibika kiandikwe na kupelekwa kwa bodi na ofisi ya elimu.

Mengi ya haya ni mepesi yakipangwa wakati wa jua. Masika huanza Machi na huku kwetu hufikia kilele Mei. Vuli ni Oktoba hadi Desemba. Basi Februari na Septemba ndiyo miezi ya kazi. Nambari za simu za wazazi zihakikiwe, maana hubadilika kila muhula, na kando ya kila jina uandikwe mtaa na nambari ya jamaa wa pili anayeishi mahali pa juu. Madaftari na vyeti vipandishwe rafu ya juu ndani ya mifuko ya plastiki, nakala ya picha ikihifadhiwa nje ya shule. Mitaro izibuliwe, mabati yapigwe misumari. Bodi ikubaliane na chifu ni vyumba gani vitafunguliwa na vipi havitafunguliwa. Na funguo za lango na za ukumbi wapewe watu wawili wanaoishi mitaa tofauti, wote wawe ni watu wanaoweza kufika shuleni kwa miguu, usiku, bila kuvuka bonde.